Ndimu zimebaki jikoni? Zinatosha pai, ila wengi huikosea kwenye moto

Shughuli imeisha, wageni wameondoka, masufuria ya pilau yameoshwa. Kilichobaki jikoni ni bakuli la ndimu zilizonunuliwa kwa ajili ya kachumbari, na machungwa sita chini ya kiroba. Siku ya tatu maganda yanaanza kukakamaa. Siku ya saba chungwa moja limeota ukungu wa kijani, na yale yaliyolala karibu yake nayo yameanza.

Nyumba nyingi zinaijua hali hiyo, hasa msimu wa machungwa ya Muheza, mkoani Tanga, yanaposhuka mjini kwa malori na kuuzwa kwa mafungu. Mtu ananunua mengi kwa kuwa bei imeshuka, kisha hayaishi. Juisi ndiyo jibu la haraka, lakini familia ikishakunywa juisi siku mbili mfululizo, jagi la tatu hubaki kwenye friji likichungulia tu.

Jibu lingine ni pai. Chini kuna kitako cha unga uliookwa, katikati rojo zito la ndimu, na juu kabisa meringi, yaani povu la ute wa yai lililopigwa na sukari mpaka likasimama, kisha likaokwa mpaka vilele vyake vikawa vya kahawia.

Ni kitu kitamu, lakini kinaharibika kirahisi mno. Pai moja ya upana wa sentimita 23 inakula mayai matatu, siagi kama gramu 130, sukari kama gramu 350 na moto wa karibu saa nzima. Kuokoa ndimu nane kwa kupoteza vyote hivyo si hesabu. Anayeingia jikoni kwa sababu tu "matunda yasioze" ni vizuri ajue kwanza inakoharibikia.

Na inaharibikia sehemu chache, karibu zote za moto: rojo halikuchemka vya kutosha, povu liliwekwa juu ya rojo lililopoa, au pai imeachwa muda mrefu kwenye joto na unyevunyevu.

Pai isiyobakiza kitu

Uzuri wa pai hii kwa mtu anayetumia mabaki ni kwamba yenyewe haiachi mabaki. Viini vya mayai vinaingia kwenye rojo, ute unakwenda juu. Juisi ya ndimu inatumika na ganda lake linatumika. Kwenye mapishi mengine mpishi hubaki na ute wa mayai matatu kwenye kikombe hajui aupeleke wapi.

Anayetajwa mara nyingi kuwa ndiye aliyeianzisha kwa umbo hili ni Elizabeth Goodfellow, mwanamke aliyekuwa na duka la keki na shule ya upishi mjini Philadelphia, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 19. Yeye na wenzake walitumia limau. Lakini ndimu ndogo ya pwani haina sababu ya kujiona mgeni hapa: ni jamii ileile ya ndimu iliyolipa jina pai la visiwa vya Florida Keys, ambalo jimbo la Florida lililitangaza kuwa pai lake rasmi mwaka 2006. Ndimu hiyo asili yake ni Asia, na kwenye mapishi ya pwani ni ya siku zote.

Tunda lipi linafaa

Kinachotakiwa ni ukali. Rojo lina sukari nyingi, na juu yake kuna povu tamu. Bila ukali wa kutosha pai yote inakuwa kama peremende.

Ndimu na limau zinajitosheleza. Danzi, lile chungwa chachu ambalo wengi huliacha lianguke chini ya mti, linafaa sana pia na lina harufu ya peke yake. Chungwa tamu na chenza haviwezi kusimama vyenyewe. Hapo mpishi huchanganya nusu kwa nusu: nusu ya juisi iwe ya chungwa, nusu iwe ya ndimu. Harufu inakuwa ya chungwa na ukali unabaki.

Rangi ya ganda isimdanganye mtu. Machungwa mengi ya pwani hubaki ya kijani hata yakiwa yameiva kabisa, kwa sababu usiku wa huku hauna ubaridi wa kutosha kuiondoa rangi ya kijani kwenye ganda. Uzito ndio unaosema ukweli: tunda zito mkononi lina juisi.

Ndimu iliyokakamaa bado ina maji ndani. Ikilowekwa kwenye maji ya uvuguvugu dakika 10, kisha ikasukumwa mezani kwa kiganja, inalegea na kukamulika. Zinahitajika ndimu ndogo saba au nane kupata nusu kikombe cha juisi, yaani mililita kama 120.

Yenye ukungu itupwe nzima, hata kama upande mmoja unaonekana mzima. Na ganda likwaruzwe kabla ya kukata tunda, si baada ya kukamua. Kukwaruza ndimu iliyokwishakamuliwa ni kutafuta kukwaruza vidole. Inachukuliwa ile ngozi ya juu tu yenye rangi, ambamo mna mafuta yenye harufu. Chini yake kuna weupe, na weupe huo ni mchungu. Tunda ambalo ganda lake limekauka kabisa litoe juisi tu, ganda liachwe.

Kitako

Sehemu hii ni nyepesi kwa yeyote aliyewahi kusukuma chapati. Unga wa ngano gramu 200, siagi baridi gramu 100 na chumvi kidogo husuguliwa kwa ncha za vidole mpaka vifanane na chembe za mkate. Yanaongezwa maji baridi vijiko vitatu au vinne vya chakula, kiasi cha kushikana tu. Haukandwi kama wa chapati, maana ukikandwa sana unakuwa mgumu na hujikunja kwenye moto.

Donge linapumzishwa kwenye friji nusu saa, linasukumwa na kutandazwa kwenye chombo cha kuokea. Juu yake inawekwa karatasi na maharage makavu ya kuuzuia usivimbe. Dakika 15 kwenye nyuzi 190, kisha karatasi na maharage vinatolewa na kitako kinarudi ndani dakika nyingine 10 mpaka kiwe na rangi ya dhahabu. Maharage hayo hayapikiki tena. Yawekwe kwenye kopo lake, yatatumika pai ijayo.

Kitako kibichi kikitiwa rojo la moto hulowa na kubaki hivyohivyo. Kwa hiyo kiive kabisa kabla.

Rojo: sufuria yenyewe ni ishu

Masufuria mengi ya nyumbani ni ya alumini, na asidi ya ndimu haipatani na alumini. Ikichemshiwa humo, rojo huokota ladha ya chuma na rangi yake huweza kufifia ikawa ya kijivujivu. Sufuria ya chuma kisichoshika kutu ndiyo bora. Kama haipo, kuna ujanja ambao kwa bahati nzuri unafaa pia kwa sababu nyingine: juisi isiingie kwenye sufuria kabisa. Inaingia mwishoni, rojo likiwa limeshatolewa motoni na kuhamishiwa kwenye bakuli la kioo au la udongo.

Sababu hiyo nyingine ni wanga. Rojo linashikana kwa konfulawa, ule unga mweupe laini wa wanga wa mahindi. Asidi ikichemshwa pamoja na wanga kwa muda, huuvunjavunja, na rojo lililokuwa zito linarudi kuwa jepesi. Juisi ikiingia moto ukiwa umezimwa, wanga unakuwa umeshamaliza kazi yake.

Vipimo ni hivi: maji kikombe kimoja na nusu, yaani mililita kama 350, sukari gramu 200, konfulawa gramu 45 na chumvi kidogo. Vyote vinakorogwa vikiwa baridi mpaka visiwe na vidonge, ndipo vinabandikwa. Mkono usitoke kwenye mwiko. Vinaanza kama maji machafu, kisha ghafla vinashikana na kuwa kama uji wa wagonjwa. Viachwe vitokote dakika moja.

Sasa viini vitatu. Vikimwagwa moja kwa moja kwenye sufuria vinageuka mayai ya kukoroga. Mpishi hupiga viini kwenye bakuli, akamiminia upawa mmoja wa rojo la moto huku akikoroga upesi, kisha akarudisha mchanganyiko wote kwenye sufuria.

Hapa ndipo pai nyingi hufia, na mpishi hajui mpaka kesho yake. Akiona rojo limepata rangi ya njano na limekuwa zito, anaogopa viini visikatike, anazima moto. Kumbe ndani ya kiini cha yai mna kimeng'enya kinachomeng'enya wanga, sawa na kile kilichomo kwenye mate. Kisipouliwa kwa moto, kinafanya kazi usiku kucha. Pai iliyolala imesimama vizuri inaamka supu.

Dawa ni kulirudisha rojo lichemke, mapovu yakipasuka juu, kwa dakika moja mpaka mbili huku likikorogwa. Viini havitakatika, kwa sababu wanga unavilinda. Baada ya hapo sufuria inatolewa motoni, rojo linahamishwa, zinaingia siagi gramu 30, juisi nusu kikombe na ganda lililokwaruzwa. Linaonjwa. Kama halishtui ulimi kidogo, liongezwe kijiko cha juisi, lakini si vitatu, maana likizidi maji halitasimama.

Povu nalo halitaki mafuta

Ute wa yai hupigika ukawa povu kwa sababu protini zake hunyooka na kushikana kuzunguka viputo vya hewa. Mafuta huvuruga kushikana huko. Tone la kiini au bakuli lililobaki na utelezi wa mafuta ya jana linatosha kulipunguza povu au kulizuia kabisa. Bakuli la plastiki ni baya zaidi kwa sababu mafuta hujishikiza humo hata baada ya kuoshwa. La kioo au chuma kisichoshika kutu, lililofutwa kwa kipande cha ndimu na kukaushwa, ndilo linalofaa. La alumini liachwe, litaupa ute rangi ya kijivu.

Kila yai lipasuliwe kwanza juu ya kikombe kidogo, ndipo ute uungane na wenzake. Kiini cha yai la tatu kikipasuka, hasara iwe ya yai moja.

Ute wa mayai matatu hupigwa mpaka uwe povu laini, kisha sukari gramu 150 inaingia kijiko kimoja kimoja. Sukari yetu nyingi ya dukani ina punje kubwa; ikisagwa kidogo kwenye blenda inayeyuka haraka. Povu likisuguliwa kati ya vidole viwili lisiwe na mchanga. Punje ambazo hazikuyeyuka huvuta maji na baadaye hutoka juu ya pai kama machozi ya kahawia.

Kwa mashine ni dakika saba au nane. Kwa mchapo wa mkono ni zoezi la watu wawili wa kupokezana. Anayetegemea mashine awe na ndugu wa karibu mwenye mkono wenye nguvu, maana umeme ukikatika katikati, povu halisubiri urudi.

Rojo liwe la moto bado

Jambo linalowashangaza wengi ni hili: povu linatakiwa kuwekwa juu ya rojo likiwa linafuka moshi. Akili ya kawaida inasema lipoe kwanza. Lakini oveni hupika povu kutoka juu tu. Chini, pale linapokutana na rojo, hakuna joto la kutosha, na povu bichi hulegea na kuachia maji. Ndiyo yale maji yanayoonekana pai inapokatwa, tabaka la juu likiteleza kama kofia. Rojo la moto hulipika povu kutoka chini.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi ni muhimu kuliko ufundi. Kitako kiwe tayari, ute uwe umeshaanza kupigwa wakati rojo linakaribia kuiva, na oveni iwe imeshapata moto. Povu linatandazwa kuanzia pembeni, liguse ukingo wa kitako pande zote, ndipo linajazwa katikati. Likiachwa bila kushika ukingo, linapopoa hujikunja na kuacha mfereji.

Dakika 15 kwenye nyuzi 175 zinatosha. Likikaa sana nalo hulia, safari hii kwa juu, kwa matone ya sukari. Pai ipoe yenyewe mezani, mbali na feni na dirisha, kwa saa moja, kisha iingie kwenye friji.

Na asiye na oveni?

Keki za pwani ziliokwa kwa sufuria na mkaa, moto chini na juu, miaka mingi kabla oveni hazijafika majumbani. Kitako huokwa vivyo hivyo, makaa kidogo chini na mengi juu ya mfuniko. Kwa meringi, makaa ya chini yanatolewa karibu yote na ya juu yanaachwa yawe mekundu. Mfuniko ufunguliwe polepole, ukiwa sawa. Majivu yakidondoka juu ya povu jeupe hayatoki tena. Kazi hii ifanyiwe nje au mahali penye hewa, kwa sababu moshi wa mkaa usioonekana huua.

Mwenye jiko la gesi peke yake anaweza kuacha kuoka kitako: biskuti za chai gramu 200 zinasagwa, zinachanganywa na siagi iliyoyeyushwa gramu 90, zinashindiliwa kwenye chombo na kuwekwa kwenye friji. Rojo linapikwa jikoni kama kawaida. Kinachobaki kuwa na utata ni povu.

Suala la yai bichi

Bakteria wa salmonela wanaweza kuwa ndani ya yai lenye ganda safi kabisa. Rojo lililotokota halina wasiwasi. Povu ndilo la kuangaliwa. Idara ya Kilimo ya Marekani inahesabu kuwa salama pai yenye meringi iliyookwa kwa nyuzi 175 kwa dakika kama 15, na kiwango cha joto kinachotakiwa kwenye mchanganyiko wa mayai ni nyuzi 71.

Asiye na oveni anaweza kuuweka ute na sukari kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka, bakuli lisiguse maji, akakoroga bila kuacha mpaka joto lifike nyuzi 71, kisha akapiga. Povu lake huwa zito, linang'aa, na halihitaji kuokwa tena. Lakini hapo kipimajoto cha jikoni ni lazima. Kidole hakiwezi kujua nyuzi 71. Mchanganyiko unaounguza kidole unaweza kuwa bado uko kwenye 50. Kwa mtoto mdogo, mjamzito, mzee au mgonjwa, kama kipimajoto hakipo na moto ni wa mkaa usiopimika, pai iliwe bila povu. Rojo na kitako peke yake vinatosha kabisa, na kuna wanaodai ni tamu zaidi.

Ikishapoa isikae mezani zaidi ya saa mbili. Joto likipita nyuzi 32, kama mchana wa Februari au Machi Dar es Salaam na Mombasa, ni saa moja tu. Kwenye friji inakaa siku mbili tatu bila kuharibika, ila povu linaanza kutoa maji kesho yake, kwa sababu sukari huvuta unyevu. Ni chakula cha kuliwa siku ileile, na hiyo ni sababu nzuri ya kumpelekea jirani kipande.

Ndimu zikizidi hata hitaji la pai, zinakamuliwa na juisi inagandishwa kwenye vichombo vya barafu, kisha vipande vinahamishiwa kwenye mfuko. Vipande vinane vya barafu vya kijiko kimoja ni pai nyingine tayari. Mfuko uandikwe jina kwa kalamu isiyofutika, maana vinafanana sana na barafu ya kawaida, na mtu akivitia kwenye glasi ya maziwa baridi ndipo atakapojua.